Miezi saba kamati ya mtaa inanizungusha kwa bwawa la kuogelea ndani ya ua wangu. Nataka jibu la maandishi!

Assalaam aleykum, na wengine wote hamjambo. Naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha. Jana usiku nimetoka kikao cha tano cha kamati ya wakaazi wa mtaa wetu na nimerudi nyumbani na kile kile nilichotoka nacho kikao cha kwanza: "Tutakujulisha."

Nakaa Nyali, hapa Mombasa, mtaa wa geti moja. Nyumba ni yangu, hati ina jina langu. Mwezi wa kumi mwaka jana niliomba idhini ya kujenga bwawa dogo nyuma ya nyumba, mita 8 kwa 4, upande mmoja kina cha mita 1.2 na upande wa pili 1.6. Sasa ni mwezi wa tano. Sijaambiwa ndiyo wala sijaambiwa la.

Kabla hamjasema huyu ana pesa za kuchezea, nisikilizeni. Bwawa ni la mama yangu. Ana miaka 71 na magoti yote mawili yamesagika. Daktari wa viungo alimwambia afanye mazoezi ndani ya maji kwa sababu maji yanambeba, goti halipati uzito. Mtaniuliza, bahari si hiyo hapo? Ipo. Lakini siku za bamvua maji yakipwa yanarudi mpaka mwambani, na mama hawezi kukanyaga mawe yale. Yakijaa, wimbi dogo tu linamwangusha. Nikampeleka hotelini. Alishuka ngazi mbili za bwawa, ameshika chuma kwa mikono miwili, amevaa suruali na dera lake jepesi. Akaja kijana wa hoteli akamwambia mavazi hayo hayaruhusiwi majini. Mama akatoka, akajifunga leso juu ya nguo zilizolowa, akakaa garini asiseme neno mpaka tukafika nyumbani. Siku ile ndipo nilipoamua kujenga.

Na nilifuata njia. Mhandisi akachora ramani. Kaunti ilinipa kibali kwa ile sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, ambayo inawapa siku 60 za kujibu, na nilijibiwa kabla hazijaisha. Mkandarasi akasajili kazi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Ikabaki kamati. Masharti ya mtaa niliyoyatilia sahihi siku ya kununua nyumba yanasema ujenzi wowote wa nje upate idhini ya kamati, na kamati ijibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Siku 30! Hayo wameyaandika wenyewe.

Kikao cha kwanza walileta hoja ya maji. Hoja hiyo siidharau, na nyinyi mnaokaa Mombasa mnajua kwa nini. Mji huu unanyweshwa na maji ya mbali: Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, Baricho, Marere, Tiwi. Mfereji wangu mwenyewe hukauka siku nyingi kuliko zinazotoka maji. Basi nikawapigia hesabu pale pale. Bwawa lile linachukua lita 45,000 hivi. Hayo ni mabauza matano ya lita 10,000, na nalijaza mara moja, halimwagwi kila juma. Maji yanazunguka kwenye chujio na kutiwa klorini. Jua la kaskazi linakausha kama nusu sentimita kwa siku, yaani lita 160, mitungi minane ya lita 20. Nikifunika kwa turubai usiku na mchana wakati halitumiki, yanayopotea ni machache kuliko hayo. Nikasema nitaweka mabomba ya paa yaingie kwenye tangi, mvua ya masika inisaidie. Nikasema sitagusa mfereji wa mtaa na sitavuta kisima, kwa sababu huku kisima kikivutwa sana chumvi inapanda na jirani ndiye anayeumia. Wakatikisa vichwa. "Tutakujulisha."

Kikao cha pili, ukuta wa jirani na mashimo ya vyoo. Sawa, hilo pia ni la haki. Mtaa wetu hauna bomba la maji taka, kila nyumba ina tangi lake na shimo la kunyonya, na chini ni matumbawe yenye matundu, maji yanapita yanakotaka. Nikaleta barua ya mhandisi kuonyesha bwawa liko wapi na shimo langu liko wapi, na shimo la jirani pia. Mwamba utachimbwa kwa mtaimbo na nyundo karibu na ukuta, mashine ikae mbali, na Ijumaa mchana kazi isimame. Jirani mwenyewe, mzee wa watu, alisimama kikaoni akasema hana pingamizi. "Tutakujulisha."

Cha tatu, watoto watazama. Na hilo lilikuwa tayari kwenye ramani: ua wa chuma kuzunguka bwawa, mlango unaojifunga wenyewe, kitasa juu asikokifikia mtoto. Nikafunua ukurasa nikawaonyesha. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameufungua.

Kikao cha nne ndicho kilichonikata maini. Tulikaa chini ya mwarobaini pale getini, viti vya plastiki, mimi peke yangu mwanamke. Nimemaliza kueleza, mwenyekiti ananitazama anatabasamu: "Dada yangu, mambo haya ni mazito. Tungoje mzee wako arudi, tuzungumze naye." Mume wangu ni baharia. Huwa melini miezi tisa. Nikamwambia, "Mwenyekiti, kwa heshima, hati ina jina langu, kibali cha kaunti kina jina langu, ada ya mtaa ya kila mwezi nalipa mimi. Mume wangu hana la kuwaambia ambalo mimi sijawaambia." Wakaangalia simu zao. Wallahi, watu wazima sita, wote wakaangalia simu zao. Nilimpigia mume wangu usiku ule, naye akasema nisimtaje tena kikaoni, nyumba ni yako, pigana.

Jana sasa wametoka na jipya: nilete sahihi za nyumba zote za mtaa. Zote! Kuna nyumba wenyewe wako Uingereza, hazifunguliwi mwaka mzima, nitaipata wapi sahihi? Nikauliza sharti hilo limeandikwa wapi. Hakuna aliyenionyesha. Nikaomba kumbukumbu za vikao vinne vilivyopita. Katibu akasema hazijachapwa. Kisha akanirudishia ramani yangu ili "niiboreshe". Nimefika nyumbani nimeikunjua mezani: katikati, pale palipochorwa pampu na chujio, pana duara la kikombe cha chai. Kazi ya mhandisi niliyoilipia, watu wameitandika chini ya kikombe.

Na pesa zangu wanazo. Nililipa shilingi 20,000 walizoziita za ukaguzi. Risiti mpaka leo sijaiona. Mkaguzi aje na futi yake apime ua, hajaja hata mmoja.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mjumbe mmoja wa kamati hiyo hiyo ameongeza ghorofa juu ya nyumba yake mwaka juzi. Dirisha lake sasa linatazama uani kwangu moja kwa moja. Hatukuitwa kikao, hatukuulizwa sahihi, tuliona tu lori la kokoto limesimama. Sikumsemesha, nilisema ni jirani. Leo ndiye anayeuliza kwa sauti kama bwawa langu "litaharibu mandhari ya mtaa".

Wasiojenga huenda wasione kuchelewa kuna hasara gani. Kuchimba huku kwetu ni kazi ya kaskazi, ardhi ikiwa kavu. Kaskazi yote imepita nikingoja kujulishwa. Mkandarasi alikuja mwezi wa kumi na mbili akapiga vigingi vinane, akafunga kamba, akamwaga chokaa kuonyesha mipaka. Kamba zimeoza, chokaa imesombwa na mvua, majani yameota. Fundi naye amepata kazi Diani na simlaumu, ana watoto wa kulisha. Nikianza leo, masika yanajaza shimo kabla ya chuma kufungwa.

Mimi sisemi kamati haina haki ya kukataa. Ina haki. Ikatae, iandike sababu, itie sahihi na muhuri, nijue ninajibu nini. Kinachonitesa ni huku kunizungusha kama pia, hoja hii nikiijibu inachomolewa nyingine mfukoni.

Leo asubuhi nimepeleka barua, nakala mbili. Moja imebaki kwa katibu, ya pili ametia sahihi kwamba ameipokea. Nimewapa siku 14. Wakili ameniambia zikipita kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa hapa Mombasa. Sipendi kufika huko. Hawa ni watu tunaozikana, mke wa mwenyekiti alikesha nasi siku tatu baba yangu alipofariki. Lakini wamenifikisha.

Naomba waliopitia haya wanisaidie. Masharti yenu yalisema nini kamati ikinyamaza baada ya siku 30, ni idhini au si idhini? Kuna aliyeanza kuchimba kwa kibali cha kaunti peke yake, na getini walimzuilia lori la simiti? Na kama kuna aliyewahi kupata jibu la maandishi kutoka kwa kamati ya namna hii, tafadhali aniwekee hapa alivyoiandika barua yake.