Mjadala: Je, kuunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000 ni upendeleo kwa watu wa vijijini?

Ndugu zangu, kuna hoja inayosikika sana mijini kwamba si haki mkazi wa kijijini nchini Tanzania kuvutiwa umeme kwa shilingi 27,000, huku mwenye kibanda cha vyumba viwili Mbagala, Dar es Salaam, akitakiwa kulipa 320,960, tena hapo hajahitaji nguzo hata moja. Wenye hoja hiyo wanataka ada ipangwe kwa kipato, si kwa mipaka ya kiutawala. Kwa ile mitaa ya pembezoni iliyopewa jina la mji ilhali wakazi wake bado wanalima mihogo, ninawaunga mkono kabisa.

Hata hivyo, sikubali kwamba ada hiyo ndiyo imemaliza shida ya mwanakijiji. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, tumezoea kusomewa hesabu ya vijiji, na kwa hesabu hiyo karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa. Kijiji kuhesabiwa hakumaanishi nyumba kuwaka. Utafiti wa nishati wa mwaka 2019/20 ulionyesha kwamba takriban robo tu ya kaya za vijijini ndizo zilizounganishwa, wakati mijini zilikaribia robo tatu.

Pengo hilo huonekana waziwazi mtu akifuata nguzo. Laini hufika shuleni, kwenye zahanati, ofisi ya mtendaji na maduka ya barabarani, kisha inaishia hapo, kwa sababu mkandarasi amepewa wigo wa urefu fulani wa laini na idadi fulani ya wateja, na akiukamilisha anahamia kijiji kingine. Kitongoji cha ng'ambo ya bonde, ambacho waya mkubwa umepita juu ya mashamba yake, kinabaki gizani, na huko ada ya 27,000 haina maana yoyote kwa kuwa hakuna nguzo ya kuunganishia. Aliye karibu na nguzo naye anakwamishwa na gharama ya fundi wa kutandaza nyaya, inayoizidi ada yenyewe mara kadhaa. Kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, kinachomwezesha mtu kutumia umeme bila kutandaza nyaya nyumba nzima, kilibuniwa kwa ajili ya nyumba ndogo, na kingepaswa kugawiwa kwa wingi zaidi.

Mkazi wa mjini anayo haki ya kuhoji, maana kila anaponunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, asilimia 3 hukatwa kwa ajili ya umeme wa vijijini. Swali lake, kwa maoni yangu, lingekuwa ni mita ngapi za umeme zinawaka katika kila kitongoji, sio kwa nini mwenzake amelipa kidogo.

Napendekeza basi malipo ya mkandarasi yafungamanishwe na kaya zilizounganishwa katika vitongoji vyote vya kijiji, hata kama kazi itachukua muda mrefu zaidi. Anayeona kwamba utaratibu huo utawafanya wakandarasi wakimbilie vijiji vyenye nyumba zilizosongamana, naomba aeleze angeuzuia vipi.