Tupeane uzoefu: fomu ya mtandaoni ilikukatalia kuandika nini?

koma_ya_juu (mtoa mada):
Wakuu habari za mida hii. Uzi huu ni wa wote mlioshabonyeza kibodi mpaka kidole kikauma na kwenye boksi la fomu hakuna kinachotokea, au kinatokea halafu yanakuja maandishi mekundu "andika jina sahihi". Jina sahihi! Wakati ndo lipo kwenye cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa.

Mimi ukoo wetu ni Ng'wandu, Wasukuma wenzangu mnajua. Kuna mfumo mmoja wa kuombea kazi (siutaji) ile ritifaa (hiyo koma ya juu ya Ng') haukubali kabisa, ukiibonyeza haiandiki. Basi nikaandika Ngwandu nikasonga. Kufika mbele mfumo wenyewe unavuta majina yangu ya kitambulisho, unalinganisha na nilichojaza, unaniambia majina hayafanani. Yaani wamenizuia kuandika halafu haohao wananishtaki kwa kutoandika. Ikabidi niende kwa wakili nikale kiapo kwamba Ngwandu na Ng'wandu ni mtu mmoja, na hela ya muhuri imetoka mfukoni kwangu.

Haya leteni vya kwenu. Na nyie madevelopa mliojaa humu msipite kimyakimya, mtuambie mnatuzuia kwa nini.

wa_thika_road:
Hahaha ndugu wewe una moja tu unalia, mimi niko na mbili kwa jina moja. Ng'ang'a. Kadi ya hospitali inasema NGANGA, cheti cha chuo mtu alitumia ile alama imelala kando ya namba moja kwa kibodi, barua ya benki ikakuja "Ng ang a" nikaonekana kama familia ya watu watatu. Lakini mshindi ni wale wa bima, kila mwezi wananitumia imeili inaanza hivi: Mpendwa Ng&#39;ang&#39;a. Nimewapigia, dada akaniuliza kwa upole kama hivyo ndivyo jina linavyoandikwa kwa ID.

shangazi_wa_vikoba:
@wa_thika_road umenivunja mbavu 😂

fundi_mifumo:
Mtoa mada ameita madevelopa, nipo. Ukweli ni kwamba wengi hawazuii kwa kufikiri, wanakopi. Unatafuta kanuni ya kukagua jina, unakuta ile ya A mpaka Z kubwa na ndogo, unapesti, unaenda kula. Aliyeiandika hajawahi kukutana na Msukuma wala Mkikuyu, na hata Mwairishi O'Brien inamtupa nje.

Kwa alama hiyo yenyewe kuna sababu ya zamani. Kwenye lugha ya databesi ya SQL ile koma ya juu ndo inafungua na kufunga maandishi, sasa kama developa anachukua ulichojaza anakibandika moja kwa moja ndani ya amri, mtu mwenye nia mbaya anaifunga mwenyewe halafu anaongeza amri zake. Watu wakaona dawa ni kuipiga marufuku alama. Dawa siyo hiyo, dawa ni kupeleka amri njia yake na data njia yake, na lugha zote za maana zina njia ya kufanya hivyo tangu zamani. Ukishafanya hivyo Ng'wandu anaingia na koma yake na hakuna kinachovunjika. Na huyo wa &#39; ni wamebadilisha alama kwa ajili ya kuionyesha kwenye ukurasa wa wavuti kisha wakaihifadhi hivyohivyo ilivyobadilishwa, inatakiwa ubadilishe wakati wa kuonyesha tu.

Kuna lingine watu hawalijui. Tangu iOS 11 (mfumo endeshi wa iPhone) ya mwaka 2017 iPhone inaibadilisha yenyewe koma iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, kwa macho huoni tofauti lakini kwa kompyuta ni herufi mbili mbalimbali kabisa. Kwa hiyo unaweza kuta mfumo umeruhusu iliyonyooka, mwenye kompyuta anapita, mwenye iPhone anagomewa, na wote wanaapa wameandika kitu kilekile. Pokea zote mbili, igeuze kimyakimya kuwa moja wakati wa kuhifadhi. Basi.

shangazi_wa_vikoba:
Hiyo koma iliyopinda mimi imenila hela jamani. Natuma meseji za pamoja kwa wanakikundi, meseji ya kawaida inabeba herufi 160, lakini ikiingia herufi moja tu isiyo kwenye orodha ya mitandao basi inashuka mpaka 70. Sasa naandika kwenye simu meseji ya herufi kama 100 yenye maneno "tunachangia ng’ombe wa harusi" ndani yake, inahesabiwa mbili kwa kila mtu. Kikundi kizima. Kwa hiyo mimi nitakuwa tofauti na nyie, hapa niliwaomba wenyewe wa huduma wanizuie, boksi lao sasa likiona herufi ya namna hiyo linaipaka njano na kuniambia gharama inapanda. Halinikatalii, linanionya, naamua mwenyewe.

kibanda_cha_huduma:
Mimi najazia watu fomu kutwa nzima, majina siyo shida yangu kubwa, shida ni namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Namba ina tarakimu 20, sawa, developa kaweka boksi mwisho herufi 20, safi. Ila kwenye kadi imeandikwa na vistari vitatu, tarakimu nane kistari tano kistari tano kistari mbili, jumla 23. Mteja kanitumia WhatsApp, nakopi napesti, boksi linakata la 20 bila kusema neno, kistari cha mwisho na tarakimu mbili za mwisho zimeenda. Halafu nikituma mfumo unaondoa vistari, unahesabu, unasema namba yako ina tarakimu 18 haijatimia. Mteja anakuangalia hivi unahisi anakuona mwizi.

Na msithubutu kuziweka Excel bila kuifanya seli kuwa maandishi. Excel inashika tarakimu 15 tu, tano za mwisho zinageuka sifuri zote. Kuna ofisi moja walileta orodha ya vibarua, watu wote namba zinaishia 00000.

fundi_mifumo:
@kibanda_cha_huduma hapo umegusa kidonda. Namba ya simu au ya NIDA siyo namba, hakuna mtu anaijumlisha na ya jirani. Ukiweka boksi la aina ya namba kwenye wavuti, ile ya kikomo cha herufi haifanyi kazi, sifuri ya mbele ya 07 inapotea data ikishageuzwa namba, na cha kuchekesha boksi hilohilo linakubali herufi e na alama ya kutoa. Weka la maandishi, omba kibodi ya tarakimu itokee, ondoa vistari na nafasi mwenyewe. Na wale mnaozuia kwa kusikiliza kitufe kilichobonyezwa, jaribuni kwenye Android, vitufe vingi vinaleta namba moja tu ya utambulisho, 229, hujui kabonyeza nini, kwa laptopu yako inazuia vizuri, kwa simu ya mteja inaruhusu kila kitu. Na sava (kompyuta inayopokea fomu) lazima ikague upya hata iweje.

tiketi_muscat:
Salaam kutoka Oman. Naomba niwatetee watu wa ndege maana huku wateja wananigombeza kila siku, "mbona umeniharibia jina". Fungua pasipoti yako angalia mistari miwili ya chini kabisa, ina nafasi 44 kila mmoja na inakubali A mpaka Z, tarakimu na ile alama ya < basi. Koma ya juu inafutwa, kistari kinageuka <. Kwa hiyo Ng'ang'a pale ni NGANGA na tiketi ikiandikwa NGANGA iko sahihi, usiende kula kiapo kwa hilo.

mlala_kwa_shift:
Ya kwangu ni nywila. Siku ya kujisajili boksi lilikata nenosiri langu kwenye herufi ya 16 bila kuniambia, boksi la kuingilia halikati, kwa hiyo kila nikiandika nenosiri langu lote naambiwa siyo. Nikabadilisha, ikakata tena, nikazuiwa akaunti. Kama kuna mtu yuko kwenye hali hiyo jaribu kuandika herufi 16 za mwanzo tu ubonyeze ingia, mimi iliingia.