Fibromialjia na hewa ya Mtwara na Lindi: akupancha, mitishamba ya Kichina, taichi, chakula. Kipi kianze?

Kaskazi_na_Kusi (mwanzisha mada)

Salaam wanajamvi. Mada hii ni ya wenye fibromialjia walioko Mtwara na Lindi, pamoja na wanaowauguza. Maumivu yanazunguka mwili mzima, usingizi hauburudishi, kichwa kina ukungu, na upepo ukigeuka mwili nao unageuka. Mgonjwa wa namna hii huletewa njia nne za Kichina kwa pamoja (akupancha, yaani kuchomwa sindano nyembamba; mitishamba ya kunywa; taichi, yaani mazoezi ya mwendo wa polepole; na chakula) na kuambiwa azianze zote wiki moja. Hapo hatajua kipi kimemsaidia na kipi kimemdhuru.

Kwanza jina la ugonjwa lithibitishwe. Vigezo vinavyotumika sasa ni vya 2016: maumivu kwenye maeneo angalau 4 kati ya 5 ya mwili (kulia juu, kulia chini, kushoto juu, kushoto chini, na uti wa mgongo), yaliyodumu miezi 3 au zaidi, yakiandamana na uchovu, usingizi mbovu na usahaulifu. Zile nukta 18 za kubonyeza za mwaka 1990 hazitoshi tena peke yake. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha fibromialjia. Damu hupimwa ili kuondoa mengine: upungufu wa damu, homoni ya tezi dundumio (TSH), ESR au CRP (vipimo vya uvimbe mwilini), VVU, sukari. Anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi.

Mpangilio wangu: taichi kwanza, akupancha pili, chakula kiende chini chini muda wote, mitishamba ya kunywa iwe ya mwisho. Mwongozo wa EULAR wa 2017, chama cha Ulaya cha magonjwa ya viungo, ulipendekeza kwa nguvu kitu kimoja tu, nacho ni mazoezi. Taichi, akupancha na tiba ya maji vilipata pendekezo dhaifu la kukubali. Steroidi na dawa kali za jamii ya mofini zilikataliwa.

Taichi naitetea kwa sababu ya utafiti wa Marekani wa 2018 uliokuwa na watu 226. Ililinganishwa na mazoezi ya kawaida ya moyo na mapafu, ikawa sawa nayo au bora. Waliokwenda wiki 24 walinufaika kuliko wa wiki 12, lakini kufundishwa mara mbili kwa wiki hakukuzidi mara moja. Kwa huku kwetu hilo ni jambo kubwa: mgonjwa wa Kilwa au Nachingwea hahitaji kupanda basi kila siku tatu. Ajifunze mara moja kwa wiki, siku nyingine afanye nyumbani. Asiye na mwalimu wa taichi aanze na Baduanjin, mikao minane ya kusimama. Ni rahisi kukariri na inachukua kama dakika 15.

Muuguzi_Newala

Kaka umeanza vizuri, ila kwenye uchunguzi umeruka kitu cha kwetu kabisa. Chikungunya. Jina lenyewe ni la Kimakonde, la kujikunja kwa maumivu, na ugonjwa ulielezwa kwa mara ya kwanza huku uwandani kwetu kwenye mlipuko wa 1952 na 1953. Homa huisha kwa siku chache, maumivu ya viungo yanaweza kukaa miezi, hata miaka. Tofauti yake: chikungunya hupenda vifundo, viganja na vidole, na mara nyingi huvimba. Fibromialjia haivimbishi kiungo. Mtu anaweza kuwa nayo yote mawili, kwa hiyo ukiona uvimbe usiseme "ni ile ile fibro".

Jingine ni konzo. Miguu yote miwili ikilegea au kukakamaa ghafla baada ya wiki za kula mhogo mchungu usiolowekwa wala kukaushwa vya kutosha, hiyo ni sumu ya mhogo. Sindano ya Kichina haihusiki hapo. Mgonjwa apelekwe hospitali.

Sindano_Taratibu

Naingia kwenye akupancha na kwenye hili la hewa, maana ndipo wengi wanapopotea.

Tiba ya Kichina huyaweka maumivu haya kwenye kundi liitwalo bi, yaani kuziba. Vinavyoziba ni upepo, baridi na unyevu, na lipo bi la joto pia. Sisi waswahili tuna jina letu, baridi yabisi, na jina hilo linawaponza wagonjwa. Likishatajwa, kila kitu kinachofuata ni cha kuchemsha mwili: tangawizi kali, mdalasini, kujifukiza, kuchua kwa mafuta ya moto. Sasa tazama kalenda ya huku. Kuanzia Novemba mpaka Machi ni kaskazi, joto na mvuke, jasho halikauki. Mgonjwa wa Lindi mjini mwezi wa Januari ana mwili mzito, jasho la kunata, utando mnene wa manjano kwenye ulimi, kinywa kikavu na maji hayatamani. Kwa mganga wa Kichina huo ni unyevu na joto. Ukimpa dawa za kupasha unamwongezea. Mgonjwa huyo huyo akiwa Newala mwezi wa Julai, ukungu asubuhi na kusi inavuma, maumivu yanazidi alfajiri na kupungua akijifunika, ulimi una utando mweupe. Hapo ndipo vya kupasha vina kazi. Mganga asiyetazama ulimi wala kuuliza mwezi, akakupa mchanganyiko ule ule mwaka mzima, ondoka.

Akupancha yenyewe: kikao cha dakika 20 hadi 30, mara moja au mbili kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 8, kisha mpime. Sindano ziwe za kutumika mara moja na pakiti ifunguliwe mbele yako. Nyembamba, unene wa milimita 0.25 unatosha. Mwenye fibromialjia ana neva zinazopokea kila kitu kwa sauti kubwa, kwa hiyo kikao cha kwanza sindano 4 hadi 6 tu na zisisokotwe kwa nguvu. Kosa linaloonekana sana ni kuchoma sindano 20 siku ya kwanza. Mgonjwa analala siku mbili na harudi tena.

Nukta za kuanzia: Zusanli, vidole vinne chini ya goti, upana wa kidole kimoja nje ya mfupa wa muundi. Sanyinjiao, vidole vinne juu ya kifundo cha ndani, nyuma ya mfupa. Hegu, kwenye nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Hizi unaweza kuzibonyeza mwenyewe dakika 1 hadi 2 kila upande. Mjamzito asiguse Hegu wala Sanyinjiao. Sindano za juu ya bega na mgongoni ziingie kwa mshazari, si wima, na kwa kina kidogo, chini yake ni pafu. Ukibanwa kifua au kukosa pumzi baada ya kikao, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa haki niseme na upande wa pili: tafiti zikilinganisha sindano halisi na za kuigiza, tofauti huwa ndogo au haipo. Yenye matokeo bora kidogo ni ile ya kupitisha umeme mdogo kwenye sindano, na hiyo haimfai mwenye kifaa cha umeme cha kuongoza moyo.

Chungu_cha_Udongo

Mitishamba nakubali iwe ya mwisho. Nitaeleza kwa nini, na anayeitumia afanyeje.

Hatari ya kwanza ni mizizi kubadilishwa. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mzizi uitwao fangji ulibadilishwa na mwingine wa jamii ya aristolokia kwenye vidonge vya kupunguza unene. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo. Majina ya Kichina ya mizizi hiyo miwili yanakaribiana mno. Ya pili ni mzizi uitwao fuzi, wenye sumu ya akonitini. Lazima iwe imeshatayarishwa, ichemshwe peke yake dakika 30 hadi 60 kabla ya kuongeza nyingine. Midomo na ulimi vikifa ganzi, moyo ukaenda mbio au kuruka, hiyo ni dharura. Ya tatu ni vidonge "vya asili" vinavyoondoa maumivu yote ndani ya siku mbili. Mtishamba haufanyi hivyo. Mara nyingi ndani mna dawa za hospitali, deksamethasoni (steroidi) au diklofenaki (ya maumivu): uso unavimba, sukari inapanda, tumbo linatoboka.

Mchanganyiko maarufu wa maumivu ya muda mrefu ni Du Huo Ji Sheng Tang, unaonasibishwa na tabibu Sun Simiao wa karne ya 7. Una vitu 15, vingi vya kupasha, na kimoja, xixin, ni ndugu wa ile aristolokia. Kwa hiyo si wa kunywa kiholela, na kwa hoja ya Sindano_Taratibu hapo juu si wa mwezi wa Januari. Mzizi-susi (urukususu, kwa Kichina gancao) nao, unaotiwa karibu kila mahali, hupandisha presha na kushusha potasiamu. Mwenye presha aulize kama umo. Anayemeza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asinywe mizizi ya danggui wala danshen.

Kuchemsha: tumia chungu cha udongo au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Sufuria zetu za alumini hazifai. Loweka dakika 30, maji yapite juu ya dawa kwa vidole viwili. Ikishachemka punguza moto, dakika 30, chuja. Ongeza maji, chemsha tena dakika 20, changanya maji ya mara mbili na ugawe kunywa asubuhi na jioni. Kaskazi huotesha ukungu kwenye mizizi ndani ya mfuko wa karatasi. Weka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza. Ikinuka uvundo, tupa.

Mtoa tiba awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya 2002. Omba kuona cheti. Hijama na kuumika ni hivyo hivyo: wembe mpya, na mwenye selimundu au upungufu wa damu asichanjwe.

Binti_Ruangwa

Shikamoo Mama Muuguzi. Mgonjwa aliyeandikiwa na daktari amitriptilini, dawa ya usiku ya kupunguza maumivu na kuleta usingizi, akaanza na taichi, mbona joto la Desemba linamlemea kuliko zamani?

Muuguzi_Newala

Marahaba mwanangu. Amitriptilini hupunguza jasho, na jasho ndilo linalopoza mwili. Kinywa kikavu nacho kinatokana na hiyo hiyo. Mazoezi yawe kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, kitambaa chenye maji shingoni, anywe maji kabla ya kiu. Mkojo uwe mweupe au wa manjano hafifu. Dozi kwa ugonjwa huu ni ndogo, miligramu 10 hadi 50 usiku. Vidonge vingi ni vya 25, ndiyo maana wengine huanzishwa nusu. Akiimeza muda wa saa mbili kabla ya kwenda kulala, ule uzito wa asubuhi hupungua. Asiiache ghafla kwa sababu ya joto. Arudi kwa daktari aliyemwandikia.

Choroko_na_Kibua

Chakula. Hakuna mlo uliothibitishwa kuponya fibromialjia, anayeuza "mlo wa fibro" anakudanganya. Kuna mambo yanayopunguza mzigo tu.

Wachina wakati wa joto hunywa supu ya choroko, na choroko zimejaa kwetu. Kikombe kimoja, loweka saa 8, mwaga maji, chemsha na vikombe 6 mpaka zipasuke. Chumvi kidogo, sukari usitie. Miezi ya kusi geuza: uji wa mtama wenye tangawizi mbichi, vipande vitatu vyembamba, na kijiko kikubwa cha ufuta uliosagwa. Korosho gramu 30, kiganja kimoja, zina magnesi kama miligramu 85. Zisiwe za kukaangwa kwa chumvi nyingi. Vibua au dagaa mara 2 hadi 3 kwa wiki kwa mafuta mazuri ya samaki, wachemshwe au wachomwe.

Wanachokiita "unyevu" wanakihusisha na sukari, vya kukaanga na vya baridi sana. Hata usipoamini nadharia hiyo, chai ya vijiko vinne vya sukari na maandazi kila asubuhi haimsaidii mtu aliyechoka. Chai na kahawa ziishie saa nane mchana.

Mwenye tumbo la kujaa gesi, na wengi wa fibro wanalo, apunguze mbaazi, kunde na vitunguu kwa wiki 4, kisha arudishe kimoja kimoja kila siku 3. Asiviache maisha. Mbaazi ndiyo protini ya nyumba nyingi huku.

Kaskazi_na_Kusi

Sindano_Taratibu, hoja ya ulimi na msimu naipokea, nilikuwa sijaitilia uzito. Ila tusiibebeshe hewa lawama zote. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2019, wa watu zaidi ya 2,600 wenye maumivu sugu, ulikuta unyevu, upepo na kushuka kwa mgandamizo wa hewa vinahusiana na maumivu, lakini kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo kumhamisha mgonjwa kutoka Mtwara mjini kwenda Newala kutafuta ubaridi ni gharama kubwa kwa faida ndogo, na anaacha ndugu wanaomsaidia.

Daftari ni bora. Kila jioni andika upepo (kaskazi, kusi, mvua), maumivu 0 hadi 10, saa za usingizi, ulichofanya. Badili kitu kimoja tu kila wiki 8.

Mazoezi_Shangani

Tiba ya maji mmeitaja mkaipita, na bahari ya uvuguvugu tunayo bure! Maji ya kifuani, kutembea taratibu, kuanza dakika 5 na kuongeza dakika 1 au 2 kila wiki hadi 20. Chagueni siku za maji mafu, bahari inatulia. Siku za bamvua mkondo una nguvu na maji yakipwa mnakanyaga miamba. Vaeni viatu vya plastiki kwa ajili ya urumba, wale wenye miiba. Msiende peke yenu, na mwenye jeraha asiingie.

Kosa la hapa ni la siku nzuri. Maumivu yakishuka mtu anafanya dakika 40, kesho yake hainuki, anasema bahari imemdhuru. Siku nzuri na siku mbaya dakika ziwe zile zile. Siku mbaya sana fanyeni nusu yake, msiache kabisa.

Binti_Ruangwa

Na sisi wa bara tusio na bahari?

Mazoezi_Shangani

Baduanjin ukiwa umekaa kwenye kiti chenye mgongo, mikao ya mikono tu, dakika 5. Kabla ya hapo, msimu wa kusi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga mbili mabegani dakika 15, usilale nayo. Msimu wa kaskazi badala yake oga maji ya kawaida, usitumie ya barafu. Misuli inakaza.