Dar hadi Kigoma kwa gari binafsi: tupite Tabora, au tuzungukie Mbeya na Katavi?

Mjukuu wa Ujiji

Wakuu, habari za humu. Mwezi wa sita shule zikifungwa nampeleka mama yangu kwao Ujiji, pale Kigoma. Ana miaka 71, kwao hajafika tangu bibi alipofariki, na safari zake zote za zamani alikwenda kwa treni, kwa hiyo barabara ya huko haijui kabisa. Ndani ya gari tutakuwa mimi, mke wangu, mama na watoto wawili, wa miaka 9 na 12. Gari ni Noah. Likizo yangu ni siku 12, kwenda na kurudi.

Nina njia mbili mezani. Ya kati: Morogoro, Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora, Kaliua, Uvinza, Kigoma, kama kilomita 1,250. Ya kusini: Iringa, Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, Mpanda, ndipo Uvinza, na hiyo inapita kilomita 1,600. Kusini kunanivuta kwa ajili ya watoto, hawajaona Mikumi wala milima ya Mbeya. Sitaki kukimbizana na mabasi, nataka tusimame mahali penye maana. Mliopita huko, mnanishauri ipi?

Dereva wa Nyanda

Mkuu, hongera kwa kumkumbuka mama. Mimi kusini ndiyo kazi yangu, nimeipita mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kwa watoto hakuna inayoifikia.

Mikumi barabara kuu inakata hifadhi katikati kwa kilomita kama 50, kwa hiyo twiga na pundamilia mnawaona mkiwa safarini bila kulipa kiingilio. Mwendo ni 70 mchana na 50 usiku, na vibao vinataja faini ya kila mnyama utakayemgonga. Piteni asubuhi. Mkitoka hapo mnaingia bonde la mibuyu, halafu Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, kisha mnapanda mlima wa Kitonga wenye kona kali. Iringa laleni usiku mmoja. Isimila iko kama kilomita 20 tu nje ya mji kwenye barabara ya Mbeya: korongo lenye nguzo za mchanga zilizochongwa na mvua, na zana za mawe za watu wa kale zimelala palepale zilipokutwa. Kalenga nako ni karibu, ndiko kwenye fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954.

Mkiipita Mbeya kuelekea Tunduma, kateni kwenda kwenye kimondo cha Mbozi. Ni pande la chuma na nikeli la tani kama 16, urefu mita 3, limekaa wazi na mtoto anaweka mkono juu yake. Mwanangu alikuwa na miaka 10 nilipompeleka. Aliligonga kwa kokoto, akasikiliza, akaligonga tena, mwishowe akanitazama na kuuliza: "Baba, hiki kimetoka kule juu kweli?" Hadi leo akiona nyota inaanguka ananiita nje.

Binti Unyanyembe

Dereva umeyasema yote ya kweli, lakini umemsahau mama. Kilomita 400 za ziada kwa mtu wa miaka 71 mwenye magoti ni siku nzima ya maumivu.

Kaka, mimi ni wa Tabora, na ninakuomba uifikirie njia ya kati kwa jicho lingine. Hiyo ndiyo njia ya misafara ya zamani, Bagamoyo hadi Tabora hadi Ujiji. Watu wa Ujiji, Wamanyema na wengine, wazee wao walipita humo kwa miguu wakiwa wamebeba pembe za ndovu kichwani, wengine wakiwa watumwa. Mama anarudi kwao kwa njia waliyopita wazee wake. Kwihara iko kilomita chache tu kutoka mjini Tabora, lile tembe alilokaa mmisionari Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi. Ujiji mtaona mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, pale kwenye miembe iliyotokana na mwembe ule wa zamani. Watoto wakiona Kwihara kwanza, historia ya Ujiji itawaingia wenyewe, hutahitaji kuwahubiria.

Gawa hivi: Dar hadi Dodoma, kama kilomita 450, mlale. Kesho yake Dodoma hadi Tabora. Tabora mkae usiku mbili, mama apumzike, mnunue asali. Siku ya nne mnaondoka alfajiri kwenda Kigoma, kama kilomita 400. Jaza tenki Tabora.

Mwalimu Kondoa

Kuna njia ya tatu hamjaitaja. Dodoma panda kaskazini kwenda Kondoa, Babati, Singida, Igunga, Nzega, ndipo ushuke Tabora. Ni mzunguko, ila ni lami na utapita Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu warefu wembamba kwa rangi nyekundu, swala, vichwa vyenye nywele za ajabu. Unajiandikisha ofisini Kolo, unapewa mtu wa kuwaongoza.

Ila niwe mkweli kwako: kutoka barabarani hadi michoroni ni njia ya mawe, Noah haitaipenda, na mwisho mnapanda kwa miguu. Mama itabidi abaki chini.

Fundi Mpanda

Naongeza upande wa Katavi maana wengi wanausema bila kuupita. Sumbawanga hadi Mpanda barabara inapita ndani ya hifadhi. Pale Sitalike, darajani mto Katuma, simamisheni gari. Kiangazi kikikolea maji yanapungua na viboko wanabanana kwenye madimbwi kama magunia kwenye ghala, mgongo juu ya mgongo. Harufu inakufikia kabla hujawaona. Mmoja akipiga miayo, wote wanakoroma. Nilisimama pale karibu saa nzima, na watu wa basi nao walishuka.

Mbung'o wapo. Vioo juu, na msivae bluu wala nyeusi, rangi hizo zinawavuta.

Mpanda hadi Uvinza nilipita wakati wa ukavu na kulikuwa na vipande vya vumbi. Mwezi wa sita sina wasiwasi na Noah, ila matairi yawe mazima, spea iwe na upepo, jeki na spana viwe ndani ya gari, na tenki lijae Mpanda. Masika nisingekushauri. Kabla ya kuondoka, waulize madereva wa mabasi stendi, wao wanaijua hali ya wiki hiyohiyo.

Kombe la Kati

Kwa njia zote mbili: vijijini ni 50, na usiongeze mwendo hadi uone kile kibao cha 50 kilichofutwa. Pembetatu na mtungi wa kuzimia moto viwe ndani.

Bi Mwajuma

Mwanangu, mbona hujatuambia jambo moja: mama anarudi na nyinyi, au anabaki?

Mjukuu wa Ujiji

Shikamoo Bi Mwajuma. Kusema kweli sikuwahi kumuuliza, nilidhani tutarudi naye. Jana usiku nikamuuliza. Kanyamaza kidogo, akasema: "Mimi nikifika kwetu, siku mbili zitanitosha?" Anataka kubaki hadi mwezi wa nane kwa shangazi, arudi kwa treni na binamu yangu.

Bi Mwajuma

Marahaba. Basi umejibiwa. Kwenda pita kwa Binti Unyanyembe, kurudi pita kwa Dereva.

Dereva wa Nyanda

Mama yetu ametumaliza. Lakini sasa Kitonga utaishuka, huipandi tena, na ndipo watu wanapoharibikiwa. Kabla hujaanza kushuka, ondoa D, weka gia ndogo, injini ishike gari. Breki ikanyage kwa vipindi, usiilalie hadi chini, ikichemka hukamati kitu. Malori yanashuka taratibu, usiyapite kwenye kona.

Binti Unyanyembe

Siku zinatosha? Siku 4 kwenda, 3 Ujiji, zinabaki 5 za kurudi.

Mjukuu wa Ujiji

Zinatosha: Kigoma hadi Mpanda, Mpanda hadi Sumbawanga tukisimama Sitalike, Sumbawanga hadi Mbeya kupitia Mbozi, Mbeya hadi Iringa na Isimila, Iringa hadi nyumbani. Kolo naiweka kwa safari nyingine, Mwalimu, asante kwa kunieleza ukweli wa ile njia ya mawe.

Mama nimemsomea majibu yenu yote. Mbung'o na viboko hakuvijali. Amenishika kwenye lile la kuondoka Tabora alfajiri. Anasema tuondoke mapema zaidi, saa kumi usiku ikibidi, mimi nimemwomba tungoje mwanga wa kwanza. Anataka tuingie Ujiji jua bado lipo, ili aione nyumba ya baba yake kabla hawajafunga milango.