Hariri ipi kwa kimto cha pete, leso na vijifuko vya zawadi: satini, dupioni au habotai?

Kimkasi:
Wadau, habari za saa hizi. Mdogo wangu anaolewa, nami nimejitolea kushona vile vitu vidogo vidogo: kimto cha pete, leso mbili za kufutia machozi za mama wa pande zote, na vijifuko vya zawadi kwa wasimamizi, vya kutilia hereni au vifungo vya shati. Kila ninayemuuliza ananiambia "chukua hariri", kana kwamba hariri ni moja. Nimebaki na tatu: satini ya hariri, dupioni na habotai (ile hariri nyepesi na laini). Cherehani yangu ni ya kawaida ya nyumbani, ovaloki (mashine ya kufunga kingo zisifumuke) sina. Ningependa ninunue aina moja nimalize vyote. Mngechagua ipi? Na nikichukua satini ya poliesta, kuna atakayejua?

FundiSaada:
Aina moja haitakutosha, dada. Leso inataka kitambaa chembamba kinachonyonya, kimto kinataka kitambaa kinachosimama. Kwa kimto mimi ni dupioni. Uzi wake kwa asili hutoka kwenye vifukofuko viwili vya viwavi vilivyoshikana, ndiyo maana una vifundo vifundo. Kitambaa ni kikavu, hakitelezi chini ya mguu wa cherehani, na kona zinatoka kali. Tarizi nayo inakaa vizuri. Shida yake ni kufumuka: ukishakikata tu, meza yote nyuzi. Kwa kuwa huna ovaloki, acha sentimita 1.5 za mshono na upige zigizaga ukingoni kabla hujaunganisha chochote.

UziMwembamba:
Fundi Saada, hapo naomba nikupinge. Dupioni ni nzuri ikiwa peke yake. Iweke kando ya gauni la satini uone, utadhani kimto kimetoka harusi nyingine. Kimkasi, gauni ni la kitambaa gani? Anzia hapo. Halafu angalia rangi: weupe wa poliesta mara nyingi una ubuluu kwa mbali, wa hariri huelekea maziwa. Chukua kipande cha sampuli, kiweke juu ya gauni lenyewe, mchana, karibu na dirisha. Taa za dukani zinadanganya.

Kimkasi:
Gauni ni satini ya hariri, rangi ya maziwa. Ila satini naiogopa, inateleza mno 😩

UziMwembamba:
Inateleza lakini inashikika. Chukua ya mome 19 hivi (mome ni kipimo cha uzito wa hariri, mome 1 ni kama gramu 4.3 kwa mita ya mraba). Ikiwa nyepesi sana, mishono ya ndani inajichora kwa nje. Nyuma yake shikiza kwa mkono kitambaa chembamba cha pamba, kisha vishone viwili hivyo kama kimoja; kimto kitasimama bila dupioni. Chini ya mshono weka karatasi laini ya kufungia zawadi, shona pamoja nayo, mwisho uichane. Sindano iwe mpya, namba 60 au 70. Na pini zisitoke nje ya sehemu ya mshono, tundu la pini kwenye satini halizibiki.

JichoLaSindano:
Naomba nimtetee poliesta kwenye vijifuko tu. Vitashikwashikwa, vitavutwa kamba, vitasahauliwa ndani ya mkoba. Tone la maji kwenye hariri linaweza kuacha alama, poliesta haijali. Ila usiuziwe poliesta kwa bei ya hariri. Satini ni namna ya kufuma tu, kwa hiyo muulize muuzaji ni satini ya nini. Ukiwa na shaka, chomoa nyuzi chache uziwashe juu ya sinki. Hariri huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake yanasagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Usikiguse kikiwa moto.

FundiSaada:
Kwenye vijifuko sina ugomvi. Lakini kwenye leso poliesta isitajwe kabisa! Hainyonyi machozi, inayahamisha tu kutoka jicho hadi shavu, na poda yote inaondoka.

BibiPindo:
Za leso niachieni mimi. Habotai ya mome 8 au 10. Ifue kwanza kwa maji ya baridi na shampuu kidogo, kwa sababu hariri hurudi, na uiloweshe yote kwa pamoja isije ikabaki na madoa ya maji. Chochote chenye klorini kisiisogelee, kinaila. Pasi iwe ya moto mdogo, upande wa ndani.

Kupata mraba ulionyooka usitumie rula. Chomoa uzi mmoja wa kitambaa taratibu hadi utoke wote, utakuachia mstari mwembamba, ukate juu yake. Sentimita 30 kwa 30 inatosha.

Pindo liwe la mkono, mwanangu, la cherehani kwenye habotai linakakamaa. Kunja ukingo mara moja, chembamba. Chota uzi mmoja tu wa kitambaa chini ya mkunjo, kisha pitisha sindano ndani ya mkunjo wenyewe kama nusu sentimita, uchote tena. Usikaze. Ukifika mishono sita au saba, vuta uzi polepole: mkunjo unajiviringisha wenyewe na mishono inapotea. Ila kabla hujaanza, sugua mikono kwa sukari na mafuta kidogo, unawe, ukauke. Kidole chenye ngozi ngumu kinakwaruza hariri na kuvuta nyuzi.

Kimkasi:
Shikamoo bibi, na asante sana. Basi nimeamua: kimto satini yenye pamba nyuma, leso habotai. Vijifuko nitatumia mabaki ya satini, bitana iwe habotai itakayobaki. Samahani JichoLaSindano, poliesta naiacha. Kamba za vijifuko je, nishone za satini hiyohiyo?

JichoLaSindano:
Sijanuna 😄 Za satini zinapendeza, ila utakata mshazari halafu ugeuze kila kamba nje ndani, na satini ilivyo, jioni nzima itaishia hapo. Nunua utepe.

BibiPindo:
Marahaba. Na ncha za utepe uzikate mshazari, zisifumuke upesi.