Wakuu, njia ya SSH inafunguka ila seva inanipa ukurasa usio wangu

Kijana wa Nkuhungu:
Habari za jioni wakuu. Nipo Dodoma, natengeneza mfumo wa mizani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya zabibu pande za Hombolo. Seva tumeikodi Ujerumani, poti zote zimefungwa isipokuwa 22, ile ya SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva kwa mbali). Nataka brauza ya laptopu yangu iufikie mfumo bila kuuanika kwa dunia nzima, nikapiga amri hii ili poti 8080 ya laptopu ipitie SSH hadi poti 80 ya seva:

`ssh -N -L 8080:127.0.0.1:80 mimi@seva`

Inakubali. Nikifungua `http://localhost:8080` napata "Welcome to nginx!" tu, ukurasa wa mwanzo wa nginx, programu inayohudumia tovuti kwenye seva. Shida iko wapi? Katibu anataka kuuona kabla ya mavuno.

Mzee wa Njia Fupi:
Fungua poti 80, maisha yaendelee.

Mama Seva:
Usimsikilize huyo. Kilo na malipo ya wakulima, uvianike bila hata https? Mdogo wangu, njia yako ni nzima. Ingekuwa mbovu hata hiyo nginx usingeiona. Brauza inapeleka jina uliloandika, yaani `Host: localhost:8080`. Nginx huchagua tovuti kwa jina hilo, isipolikuta kwenye `server_name` (jina la tovuti kwenye mipangilio yake) yoyote inakupa ile ya chaguo-msingi. Ya kwako umeiandika nini?

Kijana wa Nkuhungu:
mizani.test

Mama Seva:
Ongeza mstari huu kwenye `/etc/hosts` (faili linaloambia mashine jina fulani liko anwani gani) ya laptopu, siyo ya seva:

`127.0.0.1 mizani.test`

Kisha fungua `http://mizani.test:8080`. Hiyo 8080 nginx haiijali inapolinganisha majina.

Kijana wa Nkuhungu:
Dada umetisha, umefunguka! Ila nikishaweka nywila inanirusha `http://mizani.test`, 8080 imeyeyuka, brauza inagoma.

Fundi Kibaigwa:
Bila shaka una `proxy_pass`, ile amri ya nginx ya kupeleka maombi kwenye programu yenyewe. Tazama kama umeweka `proxy_set_header Host $host;`. `$host` hukata poti, programu ikadhani uko 80. Weka `$http_host`, pima mipangilio kwa `nginx -t`, halafu reload nginx ili iisome upya. Na kama unatumia bando la simu, ongeza `-o ServerAliveInterval=60`, la sivyo ukikaa kimya kidogo mtandao unakukata.

Kijana wa Nkuhungu:
Imekubali mpaka stakabadhi ya mizani. Asanteni sana.

Mama Seva:
Katibu akilalamika kwamba kwenye simu yake haufunguki, mwambie ndivyo ilivyo: `-L` hiyo inasikiliza kwenye laptopu yako peke yake. Aje akae pembeni yako.