Kompyuta ndani ya flashi: kazi yangu ya Jumamosi imepotelea wapi?

mweka_hazina_kangemi
Hamjambo wadau. Nitaeleza polepole kwa sababu mimi si mtu wa kompyuta. Nilisoma zile pakeji za kibandani miaka mingi iliyopita, nikapewa cheti, nikarudi zangu soko la Gikomba kuuza nguo.

Ni mweka hazina wa chama cha akina mama 23. Daftari letu lilinyeshewa, tangu hapo wakasema hesabu ziwe kwa kompyuta. Nikawa naenda saiba na flashi, hadi siku moja nikaichomeka nikakuta kila folda imegeuka shotikati, ukibonyeza hakuna kitu; wakasema ni virusi. Nyumbani kuna laptopu ya binti yangu, ThinkPad ya ex-UK, lakini diski ilikufa. Inawaka, inaleta maandishi meupe, basi.

Kijana wa jirani akaniambia, mama, hiyo mashine ni nzima, imekosa tu pa kusomea. Akachukua flashi niliyonunua steji (GB 128, shilingi 600, nilijiona mjanja), akaiwekea Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Nikawasha huku nabonyeza F12, nikachagua flashi, na kweli! LibreOffice ya kuandikia hesabu iko, Firefox iko, hata hotspoti ya simu ikashika. Diski hakuna na mashine inachapa kazi. Nilicheka peke yangu.

Jumamosi nikakaa kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita: michango ya Januari hadi Juni, faini za wachelewaji, mikopo mitatu. Nikahifadhi. Niliona kwa macho yangu faili limekaa kwenye folda. Nikazima nikalala. Jumapili baada ya kanisa nawasha nimwonyeshe mwenyekiti: peupe. Faili hakuna, hata ile picha ya nyuma niliyobadilisha imerudi ya kwanza, kana kwamba sijawahi kukaa pale.

Ni virusi tena? Au nilibonyeza kitu? Mkutano ni Jumamosi hii na mwenyekiti ameanza kuniangalia vibaya.

fundi_wa_ghorofani
Pole sana mama. Si virusi na hukukosea.

Flashi ikitengenezwa kwa njia ya kawaida, ule mfumo unakaa ndani yake kama kitabu kilichokwisha kuchapwa: unasomwa, hauandikwi. Yote unayofanya yanakaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, na RAM ukizima umeme inabaki tupu. Folda uliyoiona ilikuwa ya RAM. Ilikusudiwa hivyo, mtu aujaribu mfumo bila kugusa mashine ya wenyewe. Knoppix, Linux ya yule Mjerumani Klaus Knopper, ilikuwa ikiendeshwa hivyo kutoka kwa CD tangu 2000, na CD huwezi kuandika juu yake, kwa hiyo hakuna aliyetarajia kukuta kazi ya jana. Flashi inaandikika, ila lazima itengewe nafasi.

Muulize kijana alitumia nini. Kama ni Rufus, programu ya kutengenezea flashi za kuwashia, kuna kidude cha kuburuta kinachouliza nafasi ya kudumu iwe kubwa kiasi gani. Kinakuja kikiwa sufuri na wengi hukipita bila kukitazama. Arudie, akiburute hadi GB 8 hivi. Flashi itafutwa yote, lakini kwako sasa hakuna cha kupoteza.

Jihadhari na jambo moja. Sehemu hiyo ya kudumu imepangwa kwa mtindo wa Linux, na Windows haiijui. Siku ukiichomeka kwa mashine ya mtu, Windows itakuambia kwa upole kabisa kwamba diski inataka kuformatiwa, yaani kufutwa na kupangwa upya. KATAA. Nimeona mtu akipoteza picha za harusi kwa kubonyeza ndiyo.

Mteja mwenye mashine dhaifu, RAM ya GB 2, mimi humpa Puppy Linux, Linux nyepesi. Aliianzisha Barry Kauler huko Australia mwaka 2003. Inapanda yote kwenye RAM, na ukizima mara ya kwanza inakuuliza yenyewe kama uhifadhi na wapi. Ingekuwa hiyo, ungeulizwa ile Jumamosi. Sura yake ni ya zamani, vijana wanaidharau.

Sasa hiyo flashi yenyewe. GB 128 kwa 600, steji? Nina kopo zima la hizo hapa dukani, watu huniachia kwa hasira. Chipu imefundishwa kusema uongo: ndani ni GB 8 au 16, ukipita hapo inajifanya inaandika. Kabla kijana hajarudia, aipime kwa programu ya H2testw kwenye Windows yake. Inaijaza flashi yote kisha inaisoma. Wekeni jioni, mkaangalie asubuhi.

mwenye_saiba_45
Naongezea kwa sababu najua swali linalofuata ni "naweza kwenda nayo saiba?" Mama, usiiwashe kimyakimya. Programu inayohesabu dakika zetu imekaa ndani ya Windows. Ukiingia kwa flashi yako, huku kaunta naona mashine imezimwa, na wewe uko pale unachapa. Nilishamfukuza mwanafunzi nikidhani ananiibia, kumbe anamalizia mradi wake wa chuo. Siku hizi BIOS zote, ile mipangilio ya kuwashia mashine, nimezifunga kwa nenosiri. Ukiniomba na ukalipia saa nzima mbele, nakufungulia ile ya pembeni bila maneno.

Tena mimi mwenyewe napenda mteja wa hivyo. Wiki ya mwisho ya Juni, watu wakikimbizana na ritani za kodi, ninafunga akaunti za iTax za wenyewe zilizoachwa wazi hadi nachoka. Anayekuja na mfumo wake akichomoa flashi ameondoka na mambo yake yote.

mpita_njia
Mwambieni aweke Tails, Linux ya flashi ya watu wa siri, inasimba kila kitu. Ama atumie simu tu, yaishe.

fundi_wa_ghorofani
Tails nayo husahau kila kitu ukizima, hadi uitengenezee hifadhi yake ya kudumu. Hifadhi hiyo imesimbwa, ni kweli, lakini intaneti yote inapita Tor, mtandao wa kuficha mtumiaji, na tovuti za benki nyingi zitamzuia mlangoni. Anahesabu michango, hamkimbii mtu.

Ila umenikumbusha. Hapo kuna namba za simu na za vitambulisho vya watu 23, na flashi ni kitu cha kudondoka kwa matatu. Mama, ukihifadhi kwenye LibreOffice, weka tiki kwenye kisanduku cha nenosiri. Ukilisahau, hata mimi siwezi kukufungulia.

mweka_hazina_kangemi
Nimerudi. Kwa simu siwezi, safu zangu ni 14 na macho yangu mnayajua umri wake.

Kijana alipima. Asubuhi tukakuta imeandika GB 7.4 ndizo nzima, zilizobaki hewa. Nikashuka barabara ya Luthuli nikanunua ya GB 32, na risiti nikadai. Alipofungua Rufus nilisimama nyuma yake, nikamwonyesha kile kidude kwa kidole. Aliona haya, hakuwahi kukiona.

Januari hadi Juni nimeandika upya. Kila mwezi mmoja ukiisha, nazima, nawasha, naangalia. Mara sita. Mume wangu akauliza kama ni kompyuta au ni jiko lisiloshika moto. Yote yamekaa, hata picha ya nyuma. Nakala nyingine nimemtumia katibu kwa WhatsApp, na daftari jipya nimenunua vilevile, nimelifunika nailoni.

Fundi, moja tu limebaki. Yule wa steji amekataa kunirudishia 600. Hiyo ya GB 7 inaweza kubeba Puppy? Binti anataka ya kwake.

fundi_wa_ghorofani
Inabeba, Puppy haifiki GB 1. Lakini iletwe kwanza niikate kwa programu ya f3fix, ibaki na hizo 7 zake za kweli na iache kudai 128. Na hesabu za chama zisikanyage humo.